Nitamwitaje mwenzako

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima. Goti la baba yako limepoa, na mwembe wa uani umezaa mpaka tunagawia majirani.

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikashindwa kuujibu kwa simu. Umeniuliza: "Mama, Idi nakuja na yule mwenzangu wa chuo. Ulimzoea kama binti. Siku hizi anasema hajioni mwanamke wala mwanaume, na jina amebadili. Utamwitaje?" Ungeniuliza miaka mitatu iliyopita ningekujibu kwa hasira, na ningewakosea nyote wawili. Leo swali lako limenikuta nimeshakaa nalo barazani muda mrefu.

Unakijua kikundi chetu cha walimu wastaafu cha Jumamosi baada ya alasiri. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasikiliza na kahawa. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuja analia, mjukuu wake amemwambia jambo kama hili la rafiki yako. Tukasema tusome kwanza, maneno ya mtaani yakae pembeni. Tukawekeana sharti: kabla hujasema unachofikiri, sema kwanza kilichoandikwa. Wewe hujui sharti hilo lilivyotuokoa na ugomvi.

Kilichonigusa kuliko vyote ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Nairobi ya mwaka 2014. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa anasoma aya, anasimama, anatufasiria. Audrey Mbugua alizaliwa akahesabiwa mwanaume, naye anaishi kama mwanamke. Cheti chake cha sekondari kikabaki na jina la zamani na alama ya jinsi ya kiume. Ukiomba kazi kwa cheti cha namna hiyo, unaonekana umebeba cheti cha mtu mwingine. Jaji akaliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe cheti chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsi. Moja ya hoja zake ni kwamba maksi hazitolewi kwa kuangalia kama mtahiniwa ni wa kike au wa kiume. Hapo mwenzetu aliyesahihisha mitihani ya taifa miaka na miaka akaweka kikombe chini. "Ni kweli," akasema. "Mimi nilikuwa naona namba tu. Watoto wote wale nimewapa haki yao, na sikuwahi kujua yupi ni yupi."

Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja. Kwenye rejista alikuwa msichana. Kila ukaguzi wa sare anakutwa na kaptula chini ya sketi. Siku moja nilimsimamisha mbele ya mstari, shule nzima inamzomea, mpaka kengele ya kipindi cha pili. Hakulia. Alikuwa anakunja pindo la sketi kwa vidole viwili, analikunjua, analikunja tena. Muhula uliofuata hakurudi. Nafsi yake sitaisemea, lakini nilichomfanyia nakijua, na vidole vile naviona mpaka leo.

Mwanzoni tulichanganya mambo mengi. Mimi nilishupalia kwamba hawa ndio huntha tuliosoma habari zao madrasa, kwenye mlango wa mirathi. Kumbe huntha ni habari ya mwili wenyewe, mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya upande mmoja. Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019, wakapatikana 1,524. Transjenda, kama Audrey, na nonbainari, asiyejiona mwanamke wala mwanaume kama mwenzako, ni habari ya mtu anavyojijua, hata kama mwili wake daktari hauoni na utata wowote. Ndiyo maana wataalamu wa Kiswahili wanatenga jinsi, ambayo ni mwili wa kike au wa kiume, na jinsia, ambayo ni nafasi ya mtu katika jamii. Tena si ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani lililitoa jambo hili kwenye fungu hilo katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022.

Si sote tuliokubaliana. Yupo mama mmoja tunayemheshimu sana, anasema dini yake haimruhusu kwenda mpaka huko. Lakini haachi kuja, na sasa akisikia mtu anatukana anamkatiza. Mimi nimevuka hapo alipo. Naamini mwenzako anajijua.

Sasa jibu lako. Kiingereza hakikuachii uzungumze habari za mtu kwa raha mpaka uchague kwanza ni wa kike au wa kiume, ndiyo maana wenye lugha hiyo wakachukua kiwakilishi cha watu wengi, "they", kumtajia mtu mmoja, na kamusi ya Merriam-Webster ikalifanya neno hilo kuwa neno la mwaka 2019. Sisi tunasema yeye, amekuja, amekula, basi. Shida yetu iko kwenye kuitana: kaka, dada, shangazi, anko. Nikakumbuka nilipokuwa mdogo, miaka ya baada ya Azimio la Arusha, kila mtu alikuwa Ndugu, awe mwanamke awe mwanaume, na hakuna aliyeona ajabu. Kisha nikakumbuka neno ninalokuita wewe tangu siku ya kwanza. Mwanangu. Halijawahi kusema kama wewe ni wa kike au wa kiume. Basi nitamwita kwa jina lake jipya, na nikizoea nitamwita mwanangu.

Jina lenyewe nimeliandika nyuma ya kalenda ya jikoni, nalitamka nikipika. Humu silitaji, barua huokotwa. Dar unaijua. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa alitangaza kikosi cha kusaka mashoga. Serikali ikasema hayo ni maoni yake mwenyewe, lakini hofu ilishaingia majumbani. Na mtaani hawatofautishi nani ni nani. (Neno shoga, mwanangu! Sisi wanawake wa pwani tuliitana hivyo kwa mapenzi, tazama lilivyogeuzwa tusi.) Kwa hiyo picha zake usirushe kwenye magrupu ya ukoo. Majirani wataambiwa ni mgeni wako, na hiyo inatosha.

Atalala chumba cha bibi yako, peke yake, kina komeo. Asubuhi ya Idi, akitaka kwenda kuswali aende, akitaka kubaki na mimi jikoni abaki. Sitamsukuma upande wowote. Baba yako nimeshazungumza naye, amesema mgeni ni mgeni, akauliza tu kama mwenzako anakula pweza, maana anataka kwenda soko la samaki la Feri mapema. Nijibu hilo kabla ya Alhamisi.

Mama yako