Kabla Hujasema Panya Amesahau

Jaribio langu la kwanza na MK-801, dawa inayozuia sehemu ya mawasiliano ya seli za ubongo, lilinipa jibu nililolitamani, nami nikalipokea bila kulihoji. Nusu ya panya niliwadunga dawa hiyo, nusu nyingine maji ya chumvi, kisha nikawaingiza mmoja mmoja kwenye bwawa la Morris. Ni beseni kubwa la duara, maji yake yamefanywa meupe ili jukwaa lililozama chini kidogo ya uso wa maji lisionekane. Waliopata maji ya chumvi walizidi kulifikia jukwaa upesi kila siku. Waliopata dawa walizunguka tu. Kompyuta ikanichorea mistari miwili iliyoachana vizuri, nikaandika kwenye daftari: dawa inazuia kumbukumbu.

Mwalimu aliyenisimamia aliitazama grafu, akauliza, "Mwanangu, hao panya wenyewe umewaangalia?"

Sikuwa nimewaangalia. Siku zote nilikuwa nyuma ya pazia, macho kwenye skrini. Kesho yake nikasimama pembeni ya bwawa. Panya mwenye dawa aliogelea akiambaa na ukuta, mzunguko baada ya mzunguko. Akiligonga jukwaa kwa bahati alipanda, akayumba, akateleza, akarudi majini. Tukalichomeka jukwaa kibendera ili lionekane waziwazi. Bado wengi hawakulifuata. Mnyama asiyeweza kukiendea kibendera anachokiona hawezi kunifundisha lolote kuhusu kumbukumbu ya mahali.

Ukianza kazi na dawa kama hii, zinazoziba vipokezi vya glutamati, yaani milango ya seli inayopokea kemikali hiyo, anza hapo: mtazame mnyama kabla ya kuisoma namba. Dawa hizi hugusa mambo mengi kwa pamoja, na sababu iko kwenye kipokezi chenyewe.

Glutamati ndiyo kemikali kuu ambayo seli za ubongo hutumia kuamshana. Kipokezi cha NMDA, kimojawapo kati ya vipokezi vyake, ni mlango mgumu kufunguka. Seli ikiwa imetulia, magnesiamu huziba tundu lake. Lazima glutamati ifike, glisini au serini ya aina ya D iwepo, na seli iwe tayari imeamshwa kiasi cha kuisukuma magnesiamu itoke. Hapo kalsiamu huingia, na kalsiamu hiyo ndiyo huanzisha mabadiliko yanayoimarisha muungano kati ya seli na seli. Dawa iitwayo AP5 hushindania kiti cha glutamati. Ketamini, ambayo ni dawa ya usingizi, pamoja na fensiklidini na MK-801, husubiri mlango ufunguke, ndipo huingia ndani ya tundu na kuliziba. MK-801 hung'ang'ania humo muda mrefu. Dawa ya memantini hutoka upesi, jambo linalosaidia kueleza kwa nini wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wanaweza kuivumilia.

Mlango huo hauko peke yake kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu ya mahali. Uko kwenye gamba la ubongo, amigdala inayohusika na hofu, serebela inayoratibu mwendo, hata uti wa mgongo. Na David Lodge na wenzake walipoonyesha mwaka 1983 kwamba ketamini na fensiklidini huzuia mwitikio wa kipokezi cha NMDA, walikuwa wakipima niuroni, yaani seli za neva, za uti wa mgongo. Sindano ya tumboni hupeleka dawa kote huko. Kwa hiyo utaona panya anatembeatembea bila kutulia, anatikisa kichwa huku na huku, miguu ya nyuma inamshinda, anawapuuza wenzake. Dozi ikipanda, kuhangaika hugeuka kuwa kuyumba, na mwisho kulala. Mstari wa dozi na tabia haunyooki, na dozi moja haitakuambia uko sehemu gani ya mstari huo. Mimi sasa sianzi jaribio lolote la kujifunza kabla ya kupima dozi kadhaa kwenye uwanja mtupu, nikihesabu tu mwendo na mayumbo.

Kipo pia kitu ambacho kilinichukua muda kukikubali. Unaziba kipokezi kinachoamsha, kisha ubongo unaamka zaidi. Mwaka 1997 Bita Moghaddam na wenzake walionyesha kwamba ketamini, kwa dozi isiyofikia ya kulaza, huongeza glutamati kwenye gamba la mbele la ubongo wa panya. Miaka 10 baadaye maabara yake ikaripoti kwamba MK-801 hupunguza kazi ya seli zinazotuliza wenzao, na seli kubwa za gamba zikabaki bila breki. Ukiandika kwamba dawa "imepunguza glutamati", umekosea. Imeziba kipokezi, na huenda glutamati yenyewe imefurika.

Tukirudi kwenye bwawa. Richard Morris na wenzake walichapisha mwaka 1986 kwamba panya waliomiminiwa AP5 ndani ya ubongo walishindwa kujifunza mahali pa jukwaa, ilhali waliweza kujifunza kutofautisha vitu kwa macho. Kazi nzuri, na kipimo hicho cha pili ndicho kilichokosekana kwenye jaribio langu. Lakini mwaka 1995 makundi mawili, moja likiwemo Morris mwenyewe, yalionyesha kwamba panya aliyezoeshwa mapema kazi ya bwawa, kisha akapewa dawa inayoziba NMDA, anaweza kujifunza mahali papya karibu kama kawaida. Sehemu ya upungufu tunaouita kusahau inatokana na kutoielewa kazi yenyewe: kwamba ukuta uachwe, kwamba jukwaa ni mahali pa kukaa. Wazoeshe kwanza bila dawa. Ni siku chache za ziada, nami sijawahi kuzijutia.

Saa ya sindano nayo hubadilisha swali lote. Kabla ya mafunzo, unauliza kama mnyama anaweza kujifunza. Mara baada ya mafunzo, unauliza juu ya kuhifadhi, na angalau hakuyumba wakati wa kujifunza. Kabla ya mtihani, unauliza juu ya kukumbuka, na hapo mara nyingi kuziba NMDA hakufuti alichokwisha kukijua vizuri. Kuziba vipokezi vya AMPA, aina nyingine ya vipokezi vya glutamati, hudhuru hata kukumbuka, kwa sababu ndivyo vinavyobeba mazungumzo ya kawaida ya seli. Tena mnyama aliyejifunza akiwa na dawa anaweza kushindwa akipimwa bila dawa kwa sababu tu hali ya mwili wake imebadilika. Weka kundi linalopata dawa mara zote mbili.

Usichanganye umri wala jinsia. MK-801 huwapiga panya jike kwa nguvu kuliko dume kwa dozi ileile. John Olney na wenzake waliripoti mwaka 1989 kwamba dawa za kundi hili hutoboa vishimo ndani ya niuroni za gamba la nyuma la panya wazima. Kwa dozi ndogo hupona, kwa kubwa seli hufa. Kundi lake likarudi mwaka 1999: kwa panya wa siku 7, kuziba NMDA kwa saa kadhaa tu kulifanya niuroni nyingi zijiue. Sijawahi kuisoma ripoti hiyo nikabaki na utulivu.

Na mnyama anayezinduka kutoka ketamini, mpe nafasi tulivu, mwanga hafifu, joto. Macho yake hubaki wazi na hukauka. Yapake mafuta ya macho. Anaogopa kelele kuliko unavyodhani.

Jaribio lile nililirudia lote. Dozi ndogo zaidi, panya waliozoeshwa, kibendera siku ya kwanza na ya mwisho, nami nikikaa pembeni ya maji badala ya nyuma ya pazia. Mistari ya grafu ilikaribiana mno. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo, lakini safari hii panya wote walipanda jukwaani na kubaki juu yake, wakijipangusa nyuso kwa mikono, wakingoja kutolewa.