Nilifuta Picha za Beit al-Ajaib Miezi Minne Kabla Halijaanguka

Agosti 2020 Zanzibar ilikuwa kimya. Ndege zilikuwa zimeanza kurudi lakini wageni walikuwa wa kuhesabu, harusi nilizopangiwa kupiga zilikuwa zimeahirishwa, na mimi niko nyumbani nimeikodolea macho kompyuta. Akaunti yangu ya kuuzia picha ilikuwa na picha 2,300 na ushei. Zilizowahi kuuzwa hata mara moja hazikufika 500. Nilipoiona hesabu ile nikashikwa na hamu anayoshikwa nayo mtu akifungua kabati la nguo baada ya miaka kumi: toa, toa, toa.

Kwa siku mbili nikafuta picha 612. Ndani yake zilikuwamo 31 za Beit al-Ajaib, lile jengo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 pale Forodhani. Mnara wa saa, roshani, milango ya kuchonga, jengo zima kutoka baharini. Zilikuwa na miaka mitano mtandaoni na hazikuwahi kuniletea hata senti. Nikasema, kila mtu aliyepita Mji Mkongwe na kamera anayo picha ya jengo lile, nani ataitafuta yangu?

Tarehe 25 Desemba mwaka uleule, sehemu ya mbele ya jengo ikaporomoka pamoja na mnara wake. Watu wawili walifariki. Siku zile sikuwa na moyo wa kufikiria biashara. Jengo lile nimekulia kivulini mwake. Ilipita kama wiki ndipo nikazikumbuka zile 31.

Kwa asiyeijua kazi hii: unapakia picha zako kwa wakala kama Shutterstock, Adobe Stock au Alamy, unaandika maelezo na maneno ya kuitafutia, wakala anaikagua, ikipita inakaa sokoni. Gazeti, kampuni ya matangazo au mwandishi wa kitabu akiihitaji analipia leseni, na wewe unapata fungu lako. Picha moja inaweza kuuzwa mara elfu, au isiuzwe kabisa. Nyingi haziuzwi kabisa. Huo ndio ukweli wa kazi, wala si dalili kwamba wewe ni mpiga picha mbaya.

Faili za zile picha nilikuwa nazo kwenye diski, nikazipakia upya. Hapo ndipo nilipojifunza maana halisi ya kitufe cha kufuta. Picha ikishafutwa, ukiirudisha inahesabiwa ni mpya, ikaguliwe upya, ianze mwisho wa foleni. Ile miaka mitano ya kukaa sokoni imekwenda na maji. Wenzangu ambao hawakufuta zao walikuwa wameshakaa mbele, na wahariri hawakuwa na haja ya kushuka hadi ukurasa wa kumi na mbili. Katika zile 31 nilizorudisha, hadi leo zimeuzwa mbili.

Lakini kuna moja iliyonusurika. Nilimpiga muuza juisi ya miwa pale Forodhani jioni, anakamua miwa, na nyuma yake Beit al-Ajaib lote limesimama na saa yake. Kwa uvivu wangu niliiandikia tu kwamba ni chakula cha mtaani, kwa hiyo nilipotafuta jina la jengo ili nifute, haikutokea. Januari 2021 niliiona kwa bahati, nikarekebisha maelezo yake, nikaandika jina la jengo, Mji Mkongwe, urithi wa dunia wa UNESCO, na mwaka niliopiga. Imeuzwa mara saba. Nimeokolewa na uzembe wangu mwenyewe.

Tangu hapo, kijana akinitumia ujumbe kuniuliza, “Kaka, picha hazitembei, nizifute?” jibu langu la kwanza ni kumuuliza ameandika nini chini ya picha hizo. Mara tisa katika kumi tatizo liko hapo. Nina picha ya mama anaanika karafuu kwenye jamvi huko Pemba. Kwa miaka mitatu ilikaa na maelezo ya mwanamke wa Kiafrika yuko kazini, basi. Mwanamke wa Kiafrika kazini ni mamilioni ya picha! Nikaibadilisha: karafuu, uanikaji, Pemba, Tanzania, jamvi, viungo, na lile jina la kitaalamu la mkarafuu, Syzygium aromaticum, maana watu wa vitabu vya mimea na wa dawa hutafuta kwa jina hilo. Sikugusa hata nukta moja ya picha yenyewe. Mnunuzi wa kwanza alikuja baada ya mwezi na nusu, na sasa ni miongoni mwa zinazoninunulia vocha.

Kwenye Adobe Stock mpangilio wa maneno una uzito: yale kumi ya mwanzo ndiyo yanayopewa nguvu zaidi, na mwisho wako ni 49. Kwa hiyo “karafuu” ikikaa nafasi ya 38, nyuma ya “jua” na “furaha”, umejificha mwenyewe. Na usijaze maneno ya uongo. Alamy wamewahi kueleza kwamba wanatazama picha zako zimeonekana mara ngapi katika utafutaji, ngapi zikabofywa, ngapi zikauzwa, na hayo yanaathiri nafasi yako. Ukiandika “Serengeti” kwenye picha ya mbuzi wa Makunduchi, utaonekana na maelfu ambao hawatabofya. Hapo kweli picha moja inaweza kuzivuta nyingine chini, ila dawa yake ni kufuta neno, si kufuta picha.

La pili ni muda. Mtu ananiambia picha ina miezi sita haijauzwa. Miezi sita ni nini? Picha zangu za futari hulala mwaka mzima na kuamka wiki chache kabla ya Ramadhani, maana wahariri hununua mapema. Picha ya mvua za masika, ya mwani unaovunwa Jambiani, ya watu wamepanga foleni kupiga kura, kila moja ina msimu wake, na uchaguzi wetu ni miaka mitano kwa miaka mitano. Mimi sasa siigusi picha yenye chini ya miaka mitatu. Na za matukio na mahali, siziangalii umri kabisa. Stendi ya mabasi ya Ubungo iliyohamia Mbezi mwaka 2021, mifuko ya plastiki sokoni kabla Tanzania Bara haijaipiga marufuku Juni 2019, noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya iliyoacha kutumika Septemba 2019: vitu hivi vikiondoka duniani, picha yake ndiyo inaanza kuwa na kazi. Mtu wa takwimu atakwambia haina mauzo. Ni kweli haina.

Kuna wanaosema picha zilizolala “zinachafua” akaunti. Tuseme gharama yake ni ipi basi? Huzilipii kodi ya kukaa. Tena kwa Shutterstock, tangu Juni 2020 fungu lako linapanda kutoka asilimia 15 hadi 40 kwa kufuata idadi ya picha zilizopakuliwa ndani ya mwaka, na kila Januari 1 unaanza upya chini. Ukivuka 100 unatoka asilimia 15 unaingia 20. Mimi mwaka mmoja iliyonivusha ilikuwa picha ya ndoo ya plastiki! Ndoo nyekundu, ukutani, niliipiga nikijaribu lenzi. Ilinipa senti kumi za dola, lakini iliyoifuata ikalipwa kwa asilimia 20. Na mwaka 2023 Adobe walipotoa bonasi kwa ajili ya picha zilizotumika kuifundisha Firefly, akili mnemba yao ya kutengeneza picha, hesabu yao ilitazama pia idadi ya picha zako zilizokubaliwa, si zilizouzwa peke yake. Nilizikumbuka tena zile 612.

Pamoja na hayo, nafuta. Msinielewe vibaya. Nafuta zaidi sasa kuliko zamani, ila sababu zangu hazihusiani na mauzo.

Nafuta picha inayoweza kunipeleka mahali pabaya. Nilikuwa na picha za michoro ya Tingatinga iliyotundikwa kwenye vichochoro vya Shangani, rangi zinapiga kelele, nzuri mno. Mchoro ule ni kazi ya mtu. Mimi kuupiga picha hakunipi haki ya kuuza leseni ya kuuweka kwenye fulana huko Ujerumani. Wakaguzi walizipitisha, nilizitoa mwenyewe. Vivyo hivyo mwamvuli wa wakala wa fedha za simu wenye nembo kubwa ya kampuni, uliopita kama picha ya biashara wakati ulipaswa kuwa wa kihabari tu, yaani wa magazeti na vitabu, si wa matangazo. Niliutoa nikaupakia tena chini ya kundi la kihabari.

Nafuta, na hapa sina mjadala, picha za watoto ambazo sina sahihi ya mzazi. Mwanzoni nilipiga watoto wengi ufukweni, wanacheka, wanaruka majini. Kisheria unaweza kuziuza kama za kihabari. Lakini hujui kichwa cha habari kitakuwa kipi. Mtoto wa jirani yako anaweza kutokea kwenye makala ya utapiamlo au ya ukatili, na mama yake akaoneshwa kwenye simu na shoga yake. Zilikuwa kama 80. Baadhi zilikuwa zinauzwa vizuri.

Na kuna ya mzee mmoja wa Malindi, fundi wa nyavu. Fomu ya idhini alisaini, tukanywa kahawa, nikampelekea picha yake iliyosafishwa akaitundika sebuleni. Ilikuwa ya tatu kwa mauzo katika akaunti yangu yote. Alipofariki, mwanawe alinifuata msikitini akaniambia kwa upole, “Ami, ile picha ya baba tunaiona kwenye matangazo ya watu, mama anaumia.” Kwa karatasi nilikuwa na haki. Niliitoa usiku uleule. Nikamweleza pia ukweli ambao kila mmoja wetu anapaswa kuujua kabla ya kuahidi chochote: waliokwisha kuinunua leseni yao inabaki halali, na tovuti washirika za wakala huchelewa kuiondoa. Kufuta kunafunga mlango, hakurudishi waliokwishatoka. Alielewa, au alinisitiri tu.

Picha zinazofanana zenyewe kwa zenyewe pia napunguza. Mnazi mmoja wa Paje niliupiga mara 34, asubuhi moja, tofauti ni wingu. Mnunuzi akifungua ukurasa wangu anaona ukuta wa mnazi. Nimebakisha nne: ya ulalo, ya wima, yenye nafasi ya kuandika maneno, na moja yenye ngalawa kwa mbali. Kati ya zile 34, iliyokuwa imeshauzwa hata mara moja sikuigusa, hata kama nyingine ilikuwa nzuri kuliko hiyo. Umri na mauzo yake havihamishiki.

Kabla ya kufuta chochote sasa naifungua faili halisi kwenye diski kwanza. Naifungua kabisa, sio kuliona jina lake tu. Mwaka juzi diski moja ilikufa, na picha nilizokuwa nadhani ninazo zilikuwa zimebaki kwenye akaunti tu, kwa wakala.

Ninazo pia picha 40 za gari la mbao la njia ya 309, lile la kwenda Jambiani, abiria wamebanana na ndizi na matenga ya samaki juu. Zina miaka minane. Hakuna iliyouzwa, hata moja. Kila mwaka magari yale nayaona yakipungua barabarani. Wiki iliyopita nilikaa nikaongeza namba ya njia na mwaka kwenye maelezo ya kila moja, nikafunga kompyuta nikaenda kulala.