Maswali na Majibu: Silent Hill 2 ya 2024, Ubora Wake na Kasoro Zake

Safu ya leo yote ni ya gemu ya kutisha Silent Hill 2, ile ya 2001 iliyoundwa upya na Bloober Team wa Kraków, Poland, na kutolewa na Konami tarehe 8 Oktoba 2024 kwa PlayStation 5 na kompyuta. Maswali yamerundikana na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua yanayobeba mengine. Ambaye hajaicheza atosheke na hiki: James Sunderland anapata barua ya mkewe Mary, aliyefariki miaka mitatu nyuma, ikimwita kwenye mji wa Silent Hill, waliowahi kupumzika pamoja. Sitamwaga siri zaidi ya hapo, na anayetaka nimweleze kisa kizima asipoteze muda kuniandikia.

Swali: Ndugu mwandishi, ipi bora, ya 2001 au hii mpya?

Hili huletwa kila mara bila muulizaji kusema anatafuta nini. Anayetafuta hofu na anayetafuta kisa hawawezi kupewa jibu moja.

Ile ya 2001 kwenye PlayStation 2 ilikuwa na kamera iliyopangwa na watengenezaji wenyewe. Unaingia chumbani, kamera imekaa juu pembeni, unasikia kitu kinaburuta miguu lakini hukioni. Hofu ilitokana na ulichonyimwa kukiona. Toleo jipya limeshusha kamera hadi begani kwa James, ukawa unaona anachokiona yeye. Bloober waliijua hasara hiyo, na fidia yao ni manikini, viumbe wenye umbo la sanamu za maduka ya nguo. Katika majengo ya Wood Side wanasimama nyuma ya kabati au kando ya mlango, hawatikisiki, wanangoja uwape mgongo. Ukumbi ni mwembamba, tochi inamulika hatua chache tu, na sauti ya sakafu inatoka upande ambao hukuutarajia. Kwa saa tatu au nne za mwanzo ni ufundi wa hali ya juu kabisa.

Tatizo ni kwamba ufundi huohuo unarudiwa hadi unachosha. Ukifika gereza la Toluca umeshajua kila kona ina mmoja, na hata wanapoanza kutambaa ukutani na darini kama buibui, unachofanya ni kuwahesabu tu. Gemu ya zamani ilimalizika kwa takriban saa nane. Hii inataka 15 hadi 18, na kisa hakijaongezeka. Ni James yuleyule, Maria yuleyule anayefanana na Mary, Angela, Eddie na mtoto Laura. Saa zilizozidi zimejazwa korido na mapigano. Nimelisema hili kuhusu gemu nyingine na nitaendelea kulisema: wanunuzi wanaopima gemu kwa idadi ya saa ndio wanaowafanya watengenezaji warefushe kisichohitaji kurefushwa. Hofu haivumilii urefu.

Palipo na ushindi usio na ubishi ni kwenye nyuso na sauti. Luke Roberts anamwigiza James kama mtu anayejizuia kukumbuka, na Salóme Gunnarsdóttir amewabeba Mary na Maria wote wawili bila kuwachanganya. Matukio ya Angela sasa yanaumiza kuliko zamani, kwa sababu unaona macho yake yanavyokwepa. Pambano linalomhusu, ambalo zamani lilikuwa chumba kimoja tu, limegeuzwa kuwa mbio ndani ya nyumba inayokuminya. Hapo urefu umefanya kazi. Naye Akira Yamaoka, aliyetunga muziki wa 2001, amerudi kuupanga upya mwenyewe.

Kwa hiyo chukua mpya kwa ajili ya watu waliomo ndani yake, na ya zamani kwa ajili ya mji. Ukiwa na uwezo, cheza zote mbili, ya zamani kwanza.

Swali: Lazima nimalize Silent Hill ya kwanza ndipo nielewe?

Hapana. Kisa cha James kinajitegemea.

Swali: Nafia hospitali ya Brookhaven kila mara. Manesi wananimaliza na risasi zimekwisha. Nifanyeje?

Unapiga risasi nyingi na unakwepa kidogo. Bastola katika gemu hii ni ya kumyumbisha adui, kazi ya kuua ni ya bomba la chuma. Mpige nesi au manikini risasi moja au mbili mguuni. Akipiga goti, msogelee na bomba, piga mara mbili au tatu, kisha acha. Pigo la nne ndilo linalowagharimu wengi, kwa sababu adui hujibu mkono wako ukiwa bado hewani. Subiri ainue silaha au mguu, kwepa pembeni, usikwepe kurudi nyuma, kisha rudia.

Akianguka, usimwache. Wengi huinuka tena ukishampa mgongo. Mkanyage mpaka atulie na redio inyamaze. Redio ndiyo shahidi wako: ikiendelea kukwaruza, kuna kingine karibu.

Kuhusu risasi, mjini kuna magari na vioo vya maduka unavyoweza kuvunja. Chungulia ndani kwanza, ukiona kitu vunja. Wanaokimbia barabarani moja kwa moja hadi hospitalini ndio wanaofika mikono mitupu. Shotigani itunzie mapambano makubwa na vyumba vyenye maadui wawili kwa pamoja. Sindano nazo zinaponya zaidi ya chupa za dawa, usizimalizie kwenye mikwaruzo midogo.

Na kama bado umeshindwa, punguza ugumu wa mapigano kwenye mipangilio. Hakuna aibu. Mapigano ndiyo sehemu dhaifu ya gemu hii, na aliyeyapunguza hajakosa chochote cha kisa.

Swali: Namba ya kasiki niliyoiona kwenye video haifungui. Gemu yangu ina hitilafu?

Haina. Majibu ya mafumbo hubadilika kulingana na ugumu wa mafumbo uliouchagua mwanzoni, ambao ni tofauti na ugumu wa mapigano. Umenakili jibu la mtu wa daraja jingine. Swali hili limekuja mara nyingi mno kutoka kwa watu ambao hawajafungua hata karatasi waliyoiokota chumba cha jirani. James anaweka alama nyekundu kwenye ramani mwenyewe: mlango uliofungwa, mahali penye fumbo, njia iliyozibwa. Fungua ramani, soma karatasi zote, tazama kila kitu ulichobeba kwa kukigeuza pande zote. Fumbo la sarafu kule Wood Side linataka usome shairi mstari kwa mstari, na sarafu zenyewe zina pande mbili. Sitatoa jibu.

Swali: Kompyuta yangu ina nguvu lakini picha inashtuka nikitembea mjini. Kadi ya picha ni RTX 2080, RAM 16.

Mashine yako inatosha. Kadi hiyo ndiyo inayopendekezwa. Mshtuko unatokana na jinsi gemu inavyopakia vipande vya mji unapotembea, tatizo linalojulikana kwenye gemu nyingi zilizojengwa kwa programu ya Unreal Engine 5. Hautaondoka wote, lakini unaweza kuupunguza. Kwanza, hakikisha gemu iko kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, maana diski ya kuzunguka itakutesa bure. Pili, zima ray tracing, ule uchoraji wa miale ya mwanga; hasara yake utaiona kwenye vioo na madimbwi tu. Tatu, washa DLSS, inayochora picha ndogo kisha kuikuza ili kadi ipumue, na uiweke kwenye ubora; mwenye kadi ya AMD atumie FSR, yenye kazi hiyohiyo. Nne, na hili ndilo watu hawalitaki: funga fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye 60, au 30 kama mashine haishiki 60 bila kuyumba. Fremu zinazopanda na kushuka kati ya 50 na 90 ndizo zinazofanya mshtuko uonekane mkubwa. Mwisho shusha vivuli ngazi moja.

Wenye kompyuta mpakato ya RAM 8 isiyo na kadi ya picha, jibu ni hapana, na hakuna mpangilio wa siri. Gemu inataka nafasi ya GB 50, kwa hiyo pigeni hesabu ya bando kabla ya kuanza kushusha. Kwenye PlayStation 5 chagua hali ya fremu 60. Ile ya picha nzuri zaidi hukimbia kwenye 30, na kukwepa kunakuwa kuzito.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Usipandishe mwangaza. Weka kama gemu inavyoelekeza mwanzoni, alama ionekane kwa shida, kisha zima taa ya chumbani. Anayepandisha mwangaza mpaka aone mwisho wa barabara halafu akalalamika kwamba gemu haitishi, ameiharibu mwenyewe. Tumia hedifoni pia. Nusu ya kazi iliyofanyika humu ni ya sauti, na spika za televisheni haziifikishi.

Swali: Sina kompyuta wala PlayStation, nina simu tu. Kuna chochote?

Kipo, tena ni kizuri. Silent Hill: Shattered Memories ilitengenezwa na Climax Studios wa Uingereza, ikatoka Desemba 2009 kwa Wii na mwanzoni mwa 2010 kwa PlayStation 2 na PSP. Ile ya PSP inakimbia vizuri kwenye simu nyingi za Android kwa PPSSPP, programu inayoigiza PSP. Kwenye mipangilio yake ya picha chagua Vulkan, anza na ukubwa wa picha wa kawaida wa PSP, upandishe mara mbili kama simu haipati moto. Tumia nakala ya diski yako, na kaa mbali na mafaili ya kuokota: mengi huja na programu nyingine ndani yake.

Hii ndiyo gemu iliyofikiria upya kwa ujasiri zaidi. Inachukua gemu ya kwanza ya 1999, Harry Mason akimtafuta bintiye Cheryl, na kuibomoa yote. Hakuna silaha hata moja. Kati ya sura na sura unakaa mbele ya daktari wa akili anayekuuliza kuhusu ndoa, familia na mapenzi, unapaka rangi picha anazokupa, na majibu yako yanabadilisha watu wanavyovaa, wanavyoongea, hata maumbo ya viumbe. Mwisho wake umejengwa vizuri kuliko wa gemu nyingi za aina hii.

Udhaifu uko kwenye mbio. Mji unaganda barafu, viumbe wanakufukuza, na njia zinafanana mno hata ukajikuta unazunguka palepale. Fuata kingo na milango yenye mwanga wa buluu, ndiyo inayopitika, na baruti ya mwanga (flare), inayowafukuza viumbe, iwashe pale tu wanapokuwa wawili au zaidi. Udhaifu wa pili ni kwamba hatari huja kwenye barafu tu. Ukishaligundua hilo, sehemu nyingine zote unatembea bila woga.

Swali: Nimecheza vizuri, nimeua kila kitu, lakini nimepata mwisho wa huzuni kabisa. Nilikosea wapi?

Hukukosea. Gemu ilikutazama. Humu hakuna kitufe cha kuchagua mwisho. Kuna tabia zako. Ukitembea muda mrefu ukiwa umejeruhiwa bila kujitibu, ukikitazama kisu cha Angela, ukisoma shajara iliyoko juu ya paa la hospitali, unaiambia gemu kwamba James hajali uhai wake. Ukijitibu mapema, ukiitazama picha na barua ya Mary mara kwa mara, ukisikiliza mazungumzo yote kwenye korido ndefu ya mwisho bila kukimbilia mlango, unaelekea kwingine. Na ukimganda Maria, ukamlinda, ukarudi kumtazama anapopumzika hospitalini, kuna mwisho wake pia.

Miisho yote ni minane. Mitatu hupatikana mara ya kwanza, mitano inataka uanze tena baada ya kumaliza, ikiwamo miwili mipya ambayo haikuwamo 2001. Kwa mtazamo wangu, usifuate orodha mara ya kwanza. Mwisho ulioupata kwa tabia zako ndio wako.

Swali: Mdogo wangu wa miaka 12 anaichezea kibanda cha gemu. Kuna ubaya?

Upo. Ni gemu ya watu wazima wa miaka 18. Ndani yake kuna kujiua, ugonjwa wa muda mrefu na unyanyasaji wa mtoto ndani ya familia, na mambo hayo si mapambo, ndiyo kiini chenyewe. Wenye vibanda wanaoiwekea watoto kwa sababu ina mazimwi hawajui wanachokiuza. Hata mtu mzima anayepitia kipindi kigumu, hasa aliyefiwa karibuni, asiicheze peke yake usiku.

Swali: Nimeona diski ya HD Collection ya PlayStation 3, yenye ile Silent Hill 2 ya zamani, kwa bei nzuri. Ninunue?

Usinunue. Toleo hilo la 2012 liliuharibu ukungu, na ukungu ndio uliokuwa ukificha kingo za mji. Mwenye diski ya zamani ya kompyuta atafute Enhanced Edition, marekebisho ya mashabiki yanayotolewa bure. Hiyo ndiyo njia bora ya kuicheza ya 2001 leo.

Swali: Sura ya ziada ya Maria iliyokuwa kwenye gemu ya zamani, Born from a Wish, iko wapi kwenye hii mpya?

Haikuwamo ilipotoka 2024. Ni pengo kubwa, kwa kuwa ni fupi na ingefaa zaidi kuliko korido za gerezani.

Swali: Ni kweli ya kwanza nayo inaundwa upya?

Ni kweli. Konami walitangaza Juni 2025 kwamba Bloober wanaishughulikia. Nguvu ya ile ya 1999 ilikuwa shule na hospitali ndogo unazozijua kila mlango, kisha zinageuka kutu na giza huku mlango ni uleule. Wakiirefusha hadi saa 15 hakuna mlango utakaoukumbuka.