Kuolewa tena hakujafuta baba wa mtoto

Swali lenu la wiki hii, kwamba mzazi akioa au kuolewa upya hela ya matunzo ya mtoto inabadilika au la, limenigusa maana yalinikuta. Wiki moja baada ya ndoa yangu ya pili mzazi mwenzangu alinitumia meseji, maneno matano tu, "Sasa mumeo atamtunza mtoto wako." Mtoto wako, sio wetu. Na hela ikakata kuanzia mwezi ule.

Nilikaa miezi saba kimya, naona aibu, na ndugu zangu nao wananiambia umeshapata mwanaume unahangaika na hela ya yule ya nini. Kumbe tulikuwa tunachanganya mambo mawili. Matunzo ya mke aliyeachwa sehemu nyingi yanakoma akiolewa, lakini ya mtoto ni ya mtoto, mama anapokea tu kwa niaba yake, na mtoto hajaolewa na mtu. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 27, unazitaka nchi zihakikishe mtoto anapata matunzo kutoka kwa wazazi wake, hata kama mzazi yuko nchi nyingine. Baba wa kambo akimwasili mtoto, yaani akimfanya wake kisheria, hapo sawa, jukumu la baba mzazi kwa kawaida linaisha. Mume wangu hajamwasili. Akimnunulia viatu ni moyo wake tu.

Sasa nisiwe mchoyo wa haki, mzazi mwenzangu naye ameoa, ana mapacha, na watoto wale wanakula pia. Kuna nchi sheria yenyewe inawahesabu, mfano Uingereza mlipaji anayeishi na mtoto mwingine mmoja kipato chake kinapunguzwa asilimia 11 kabla ya kupiga hesabu, wawili 14, watatu na kuendelea 16. Kwa hiyo kiasi kinaweza kushuka, sikatai, ila anayeshusha ni mahakama au ofisi inayohusika, sio meseji ya usiku! Mpaka amri ya matunzo ibadilishwe deni linaendelea kuhesabika, na mara nyingi punguzo halirudi nyuma zaidi ya siku alipopeleka maombi. Hilo ndo watu hawalijui kabisa, mtu anajikatia mwenyewe mwaka mzima halafu anakuja kushangaa malimbikizo.

Mimi nilipofika mahakamani kilichonisaidia ni daftari la mistari, kila mwezi nilikuwa naandika tarehe na kiasi, na ile miezi saba niliandika tarehe tu, pembeni nikaacha wazi. Hakimu alilifungua akapitisha kidole kwenye zile nafasi moja moja, akamuuliza mzazi mwenzangu kama ana risiti yoyote. Hakuwa nayo. Kiasi cha mwezi kilipunguzwa kidogo kwa ajili ya mapacha, na ile miezi saba anailipa mpaka leo, kidogo kidogo, naendelea kuandika.