Serikali inalipia nini kwenye bomba la haidrojeni?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni fundi wa mafriji Chake Chake. Nasikia Uingereza imetenga fedha za mabomba na hifadhi ya haidrojeni, gesi ya nishati, kwa mikoa yake. Kwa nini ilipe serikali, na si wauzaji wa gesi wenyewe? Na Pemba twaweza kuwa na hifadhi kama hiyo?

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Serikali inalipia nafasi tupu ndani ya bomba. Mzalishaji hajengi kiwanda pasipo bomba, na mwenye bomba hachimbi mtaro pasipo gesi ya kupitisha. Hata likijengwa, miaka ya mwanzo wateja ni wawili watatu; ukiwatwisha gharama yote, watakimbia. Wewe wa Chake mfano unao: waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga, uliowashwa 2010, ulilipiwa sehemu kubwa na msaada wa Norway. Bili za kisiwa peke yake zisingeulaza baharini.

Uingereza mwaka 2025 ilitenga zaidi ya pauni milioni 500, mtandao wa kwanza wa mabomba wa mkoa uanze kazi kuanzia 2031. Ujerumani wamekopesha: mtandao wa kilomita 9,040 hivi, takriban asilimia 60 mabomba ya zamani ya gesi. Tozo ya kupitisha gesi bombani imewekewa kikomo, upungufu unazibwa na mkopo wa benki ya serikali, ulipwe hadi 2055. Deni likibaki, kampuni zinabeba hadi asilimia 24, serikali inameza lililobaki. Mimi naupenda zaidi mpango huu, maana mwenye bomba naye ana cha kupoteza.

Sasa hifadhi. Mtungi wa chuma wa lita 50, ukishindiliwa hadi bar 200 (kama mara 200 ya kani ya hewa ya kawaida), haubebi hata kilo moja ya haidrojeni: kama uniti 25 za nishati. Mtungi wako wa kupikia wa kilo 15 una uniti 190 hivi. Ndiyo maana wenzetu hutumia mapango yaliyochongwa kwa maji ndani ya miamba ya chumvi. Teesside, Uingereza, wanayo tangu miaka ya 1970. Sisi sehemu ya ardhi yetu ni matumbawe, na mchimba kisima yeyote atakwambia jiwe hilo linavyopitisha maji. Litaizuia gesi iliyo nyepesi kuliko zote?

Kuhifadhi umeme wa jua la Pemba, ningenunua betri. Uniti tatu ukizigeuza haidrojeni kisha ukazirudisha umeme, unabaki na moja hivi. Betri itakurudishia kama mbili na nusu.