Kijivu usoni, na maswali mengine ya rangi

SWALI: Shikamoo dada. Nimeshuti filamu fupi hapa Morogoro, sehemu kubwa chini ya mwembe nyumbani kwa bibi. Waigizaji wangu ni weusi hasa. Niliweka LUT niliyonunua mtandaoni, ile ya chungwa na samawati kama sinema za Marekani, na kwenye laptopu ilinoga. Tulipoionyesha kwenye runinga ya ukumbini, nyuso zilikuwa za kijivu kama za watu waliopakua simenti. Mfadhili anasema niongeze mwanga, lakini nikiongeza nyuso zinazidi kupauka. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze mwanga. Mfadhili ameuona ugonjwa vizuri, ila dawa yake ndiyo inayouzidisha.

Toa kwanza hiyo LUT. LUT ni jedwali la namba tu: rangi hii ikiingia, itoke ile. Haijui kama kilichoingia ni shavu au ukuta. Hiyo uliyonunua inasukuma samawati kwenye sehemu za giza. Kwa mwigizaji Mzungu, sehemu za giza ni nywele na koti. Kwa mwigizaji wako ni nusu ya uso! Samawati ikimwagwa juu ya hudhurungi, zinauana, na kinachobaki ni hicho kijivu. Isitoshe, LUT nyingi za namna hiyo hutarajia picha ya logi, ile iliyopauka ambayo kamera huitunza hivyo ili isipoteze kilichomo kwenye mwanga na kwenye kivuli. Kama kamera yako ilishakoleza rangi yenyewe, umekoleza mara mbili.

Si ajabu hata hivyo. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke Mzungu, wenyewe wakiziita kadi za Shirley. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Sisi tunarithi mazoea ya watu ambao hawakuwa wakitutazama.

Sasa kazi. Ngozi nyeusi haipendezi kwa kuinuliwa yote. Uzuri wake uko kwenye mng'ao wa kipaji cha uso, mashavu na mwanzi wa pua, na mng'ao huo unahitaji giza la kukaa kando yake. Shusha vivuli mpaka nyeusi iwe nyeusi kweli. Halafu shika sehemu za kati peke yake, zipandishe taratibu, ukiongeza wekundu na umanjano kidogo. Sehemu za mwanga guse mwisho, tena kwa woga.

Kisha chora duara kuzunguka shavu na utazame vekitaskopu, ile grafu ya duara inayoonyesha rangi imeelekea wapi. Kuna mstari kati ya nyekundu na manjano ambao ngozi ya binadamu huangukia karibu yake, awe Mmakonde, Mhindi au Mswidi. Tunachotofautiana zaidi ni kiasi cha mwanga, na huo unausoma kwenye wevufomu, grafu ya mwanga. Naweka dau kwamba ngozi ya waigizaji wako imehamia upande wa kijani, kwa sababu majani ya mwembe hurudisha kijani usoni kuliko jicho linavyoona pale pale. Kuta za kijani za sebuleni hufanya vilevile, nami nimezichukia kwa miaka.

Kuhusu laptopu: kioo chake hakijapimwa, pengine ulifanya kazi dirishani mchana, na runinga ya ukumbini bila shaka imewekwa ile hali ya dukani ya kukoleza kila kitu. Kiwango cha runinga ni Rec. 709, na sisi hugredi, yaani hurekebisha rangi, kwenye chumba chenye mwanga hafifu, nyeupe ya skrini ikiwa niti 100 (niti ni kipimo cha ung'avu wa skrini). Sinema hushuka mpaka karibu niti 48. Ukikosa monita iliyopimwa, funga pazia, punguza ung'avu wa skrini, na uiweke runinga kwenye hali ya sinema kabla mfadhili hajafika.

SWALI: Hadithi yetu ni ya ukame lakini tulishuti masika, kijani kila mahali. Inawezekana kukausha majani? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ndiyo. Filamu ya O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000 ilishutiwa Mississippi kukiwa kijani kibichi, na mpigapicha wake Roger Deakins akaigeuza yote kuwa manjano ya majani makavu kwa kompyuta, jambo lililokuwa geni kwa filamu nzima wakati huo. Lakini angalia faili zako. Zikiwa za biti 8, kila rangi ina ngazi 256 tu, na ukivuta sana anga linakatika mistari. Biti 10 inakupa ngazi 1,024. Na kama kuna mwigizaji aliyevaa kitenge cha kijani, kichorewe mpaka wake kisikauke pamoja na majani, fremu kwa fremu ikibidi. Tukuyu masika? Poleni.

SWALI: Ninunue programu gani? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Usinunue. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye magurudumu ya rangi, yale ya kurekebisha vivuli, sehemu za kati na za mwanga nilizotaja hapo juu. Hela hiyo tia kwenye monita.