Kabla hujaiamini namba, tazama maungio ya kiunzi

Karibu nusu ya mwaka wangu wa kwanza wa kupima viunzi vya nano, yaani viunzi vya pau ndogo ambazo vipimo vyake ni vya nanomita, iliishia katika kuilaumu mashine. Nilikuwa nikifinya vijimchemraba vya alumina (seramiki ya oksidi ya alumini) ambavyo pau zake ni mirija mitupu ndani, na kila mara ukakamavu, yaani jinsi kiunzi kinavyokataa kubonyea, uliotoka ulikuwa chini sana ya hesabu yangu. Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika jinsi nilivyofikiri kiunzi kinabeba mzigo, na ninaandika haya kwa ajili ya anayeanza leo.

Tulichofundishwa wote ni hiki. James Clerk Maxwell alionyesha mwaka 1864 kwamba kiunzi cha pande tatu chenye maungio j kinahitaji angalau pau 3j − 6 ili kisilegee. Zikitosha, pau huvutwa au kusukumwa kwa urefu wake. Zisipotosha, mzigo hubebwa kwa kupinda. Tofauti ni kubwa: kiunzi cha kuvutwa ukikipunguzia densiti nusu, ukakamavu nao hupungua nusu, cha kupinda hubaki na robo tu. Ndiyo maana wengi huchagua kiunzi cha okteti, ambamo kila ungio hupokea pau 12. Nami nilikichagua, nikachora mstari wa ukakamavu niliotarajia, nikasubiri vipimo viangukie juu yake.

Havikuangukia. Laiti ningeisoma kwa makini kazi ya Meza, Das na Greer ya mwaka 2014, kuhusu mirija ya alumina yenye kuta za nanomita 5 hadi 60, ningejua mapema. Ukakamavu wa viunzi vyao vya okteti ulifuata densiti kwa kipeo cha 1.61, si 1. Maana yake densiti ikishuka mara 10, ukakamavu hushuka mara 40 hivi. Chanzo kikubwa ni maungio. Katika hesabu ya Maxwell ungio ni nukta inayozunguka kwa uhuru. Katika kiunzi halisi ni uvungu wenye kuta nyembamba, na mzigo ukifika hapo ukuta hubonyea hata kama pau zenyewe zimenyooka.

Kwa hiyo, kabla ya kufinya chochote, kata sampuli moja uitazame kwa hadubini ya elektroni. Ninalisisitiza hili kuliko yote mengine. Kiunzi huanza kama kiolezo cha polima, ambacho hupakwa alumina kisha polima huondolewa. Doa la leza linalokiunda kiolezo hicho ni refu kwa upande mmoja, kwa hiyo pau uliyoichora duara hutoka na umbo la yai. Unene wa ukuta nao usiuchukue kwenye karatasi ya maelekezo. Kila mzunguko wa kupaka alumina huongeza takriban nanomita 0.1, lakini hesabu ya mizunguko si kipimo, na uwiano wa unene wa ukuta kwa nusu kipenyo cha mrija ndio unaoamua tabia nzima. Ukuta mnene kiasi hupasuka ghafla, kama seramiki yoyote. Ukuta mwembamba sana hujikunja kwanza, na kiunzi kikifinywa kupita nusu ya kimo chake huweza kuinuka tena.

Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisahau hata kuandika namba. Kitu kinachopaswa kuvunjika kama kigae kilikuwa kikipanda taratibu kufuata kichwa cha mashine! Hadi leo ndilo linalonishika katika kazi hii.

Ila kuinuka si kupona. Sampuli ileile nilipoifinya mara ya pili ilikuwa laini zaidi, kwa sababu nyufa zilikwisha kufunguka kwenye maungio. Usichanganye mfinyo wa kwanza na inayofuata ukaipa wastani mmoja.

Mengine ni madogo. Rekodi video sambamba na mzigo. Puuza mwanzo wa mchoro wa mzigo, kwa kuwa uso wa juu wa sampuli si sawasawa, hivyo kichwa cha mashine hugusa ncha chache kwanza. Ukakamavu uchukue unapoachia mzigo kidogo katikati ya safari. Na sampuli iliyokwisha kufinywa usiitupe. Irudishe chini ya hadubini, anza na safu ya chini karibu na kitako, hesabu maungio yaliyopasuka, kisha rudi kwenye mchoro wako utafute mzigo ulishuka wapi.